Siku ya Mzigo na Siku ya Tope

Lala chini nyuma ya Toyota Hilux isiyo na mzigo, upime umbali kutoka kwenye difu, lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma, hadi ardhini. Kisha ipakie nusu tani, upime tena. Umbali ni uleule, ukiacha kile kidogo ambacho matairi yamebonyea. Difu yake imo ndani ya ekseli nzima inayounganisha magurudumu mawili ya nyuma, kwa hiyo springi zikilala bodi hushuka, lakini ekseli hubaki pale magurudumu yalipo. Sasa fanya hivyohivyo kwa pikapu iliyotokana na gari la abiria, kama Honda Ridgeline, au kwa Ford Maverick inayosukumwa na magurudumu yote manne. Humo difu imefungwa juu, upande wa bodi, na kila gurudumu la nyuma hucheza peke yake. Bodi ikishuka kwa mzigo, difu inashuka nayo.

Nimeanza na kipimo hiki kwa sababu mabishano kuhusu pikapu ndogo zilizotokana na magari ya abiria huishia kwenye swali lisilomsaidia mnunuzi: je, hiyo ni pikapu ya kweli? Mmoja anasema gari lisilo na chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba bodi kwa chini, ni saluni iliyokatwa mgongo. Mwingine anajibu kwamba wenye pikapu kubwa hubeba hewa siku nyingi za mwaka. Wote wana hoja, na bado mtu mwenye fedha mkononi haondoki na jibu. Jibu ninaloliamini mimi ni hili: gari la aina hii linabeba mzigo vizuri, na linapita njia mbaya vizuri kiasi, ila lisitegemewe kufanya yote mawili siku moja.

Wazo lenyewe si jipya. Subaru BRAT, iliyotokana na gari dogo la Leone, iliingia Marekani kama modeli ya mwaka 1978 ikiwa na nguvu kwenye magurudumu manne. Huko nyuma, mahali pa mzigo, ilikuwa na viti viwili vya plastiki vinavyotazama barabara inayoachwa. Viti hivyo vilikuwa vya kukwepa ushuru. Tangu mwaka 1964 Marekani ilitoza asilimia 25 kwa malori mepesi yanayotoka nje, kulipiza ushuru ambao nchi za Ulaya ziliweka kwa kuku wa Kimarekani; gari lenye viti nyuma lilihesabiwa kuwa la abiria. Ronald Reagan, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alikuwa na BRAT moja kwenye shamba lake la California. Baadaye ikaja Subaru Baja, iliyouzwa kwa modeli za 2003 hadi 2006 tu, kisha ikaachwa kwa kukosa wanunuzi wa kutosha. Honda Ridgeline ilianza na modeli ya 2006 na ikadumu. Fiat Toro ilitoka Brazili mwaka 2016, na Maverick pamoja na Hyundai Santa Cruz zikafuata kama modeli za 2022. Kwa hiyo anayesema ni mtindo wa kupita anapaswa kueleza kwa nini viwanda vinaurudia kila baada ya miaka kadhaa.

Upande wa kununua una nguvu kuliko watu wa chesisi wanavyokubali. Pikapu yenye springi za majani, ikiwa tupu, hurukaruka kwa nyuma kwenye lami yenye mawimbi, kwa sababu springi hizo zimetengenezwa zikisubiri tani ambayo haipo. Gari lenye magurudumu yanayocheza moja moja hutulia, na utulivu huo si anasa kwa anayeendesha kila siku akiwa na watoto kwenye kiti cha nyuma. Sehemu ya mzigo iko chini, hivyo mtu mmoja anaweza kuinua mfuko bila kuufikisha kifuani. Gari linageuka mahali padogo. Na mafuta: kwa vipimo vya serikali ya Marekani, Maverick ya 2022 yenye mfumo wa mseto wa petroli na umeme ilitumia takriban lita 6.4 kwa kilomita 100.

Ila soma vizuri hapo. Maverick hiyo ya mseto ilikuwa inasukumwa na magurudumu ya mbele tu. Aliyetaka magurudumu manne alilazimika kuchukua injini ya lita 2.0 yenye turbo, iliyokuwa ikila karibu lita 9.4 kwa umbali huohuo. Mseto wenye magurudumu manne ulikuja na modeli ya 2025. Mnunuzi wa gari lililotumika anayesikia sifa za ulaji mdogo wa mafuta na sifa za kupita kwenye tope aulize kwanza kama sifa hizo mbili zinatoka kwenye gari moja. Kwa modeli za 2022 hadi 2024, hazitoki.

Tuje kwenye uzito, maana hapa ndipo watu wanapojidanganya kwa macho. Maverick imeruhusiwa kubeba hadi kilo 680 hivi. Inasikika kama nyingi. Lakini kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, magari ya Marekani huandikwa uzito wa watu na mizigo kwa pamoja. Watu watano wa kilo 75 kila mmoja ni kilo 375; zinabaki 305, yaani mifuko sita ya saruji. Ukiwa peke yako zinabaki 605, mifuko kumi na miwili. Mchanga ni hatari zaidi. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina tani moja na nusu na zaidi, na nafasi ya mzigo ya Maverick inakaribia ujazo huo ukiijaza hadi ukingoni. Maana yake, ukipakia mchanga mpaka macho yaridhike, umebeba zaidi ya mara mbili ya kilichoruhusiwa. Acha mchanga unapofika chini kidogo ya nusu, hata kama muuzaji anakwambia bado kuna nafasi.

Hili halitokani na kukosa chesisi peke yake. Fiat Toro ya dizeli haina chesisi, ina milango minne na nguvu ya magurudumu manne, na bado imeruhusiwa kubeba kilo 1,000, sawa na pikapu nyingi za chesisi. Kwa hiyo fundi anayekwambia kwamba bodi bila chesisi "itapasuka" anasema jambo ambalo injinia wa Brazili alishalijibu. Hoja nzito ya chesisi iko kwingine. Sehemu ya mzigo ya pikapu ya chesisi hufunguliwa kwa bolti. Ikigongwa, unaweka nyingine. Ukitaka, unaweka boksi la baridi au sakafu ya mbao. Kwenye gari la bodi moja, ukuta wa nyuma ni sehemu ya mifupa yenyewe, na ukipinda, ni kazi ya kunyoosha gari zima. Wala usitegemee kuitambua kwa mstari unaotenganisha kabini na nyuma: Ridgeline iliyotoka kama modeli ya 2017 ina mstari huo, na bado ni bodi moja.

Sasa nguvu ya magurudumu manne. Katika nyingi ya pikapu hizi, magurudumu ya mbele ndiyo yanayofanya kazi kila siku. Kompyuta ikihisi yanateleza, hubana klachi ndogo iliyo karibu na difu ya nyuma, na nguvu inakwenda huko. Kwenye mvua, majani yaliyolowa au kilima cha changarawe, mfumo huu ni mzuri kwelikweli: dereva hashiki kitu, na gari linaondoka. Lakini klachi hiyo hupata moto. Kwenye mchanga mzito, ambako magurudumu yanahangaika dakika nyingi bila kupumzika, mfumo unaweza kujizima ili usiungue, na ukabaki na gari la magurudumu ya mbele mahali pabaya kuliko pote. Tena hakuna gia nzito za ziada. Hilux ikiwekwa kwenye gia hizo huzidisha nguvu ya kuvuta kwa zaidi ya mara mbili na nusu na kutambaa polepole. Na magurudumu manne hayasaidii kusimama. Breki ni zilezile.

Unganisha mambo haya. Umepakia kilo 500, bodi imeshuka, difu imesogea karibu na jiwe. Mzigo mwingi ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, pua inakuwa nyepesi, na pua ndiyo yenye magurudumu yanayotangulia kuvuta na kukata kona. Klachi inafanya kazi zaidi kwa sababu ya uzito. Kila kasoro, ikiwa peke yake, inavumilika; zinapokutana kwenye mteremko wa tope ndipo gari linapokwama. Hyundai waliliona sehemu ya tatizo, wakaipa Santa Cruz shokamzoba za nyuma zinazojirekebisha kimo mzigo unapoongezeka. Inasaidia kwa kimo, haileti gia nzito.

Waswahili tuna neno la mshika mbili kuponyokwa na moja, na wapinzani wa magari haya hulitumia sana. Nadhani wanalitumia vibaya. Siku ya mzigo kwenye lami, gari limeshika. Siku ya tope likiwa na watu wawili na begi, limeshika. Hesabu siku zako. Mkulima ambaye mavuno yake hutoka shambani msimu wa mvua kwa njia ya udongo asidanganywe. Siku yake ya mzigo na siku yake ya tope ni siku moja, na atafute chesisi hata iliyozeeka. Fundi wa umeme, mwenye duka, mpiga picha, familia inayosafiri mara mbili kwa mwaka kwa njia mbovu: hao ningewaambia wanunue bila kuona haya. Na mtu ambaye barabara zake zote ni lami aachane kabisa na magurudumu manne, achukue ya mbele, maana atakuwa anazungusha propela shafti (chuma kirefu kinachopeleka nguvu nyuma) na difu asizozihitaji.

Kwa anayenunua iliyotumika, anza na matairi kabla ya injini. Mfumo wa magurudumu manne unataka matairi yenye mzingo sawa. Subaru hupendekeza tofauti isizidi robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Tairi moja jipya na matatu yaliyoisha humaanisha magurudumu hayazunguki sawa, na klachi imekuwa ikisugua kila kilomita kufidia tofauti hiyo. Ukikuta matairi mchanganyiko, bei ishuke au uondoke. Kisha ingiza gari kwenye maegesho, kata usukani hadi mwisho, uende polepole. Likishikashika kana kwamba breki zimebana, mfumo umechoka. Angalia mafuta ya difu ya nyuma, ambayo wamiliki wengi husahau kuyabadilisha kwa sababu hawakumbuki kwamba ipo.

Mwisho, omba kulijaribu likiwa na mzigo. Wauzaji wengi watashangaa, lakini omba. Weka mifuko sita, kaa na watu wawili ndani, kisha shuka upitishe mkono chini ya difu. Ikumbuke njia yako mbaya kuliko zote, jiwe lake kubwa lina kimo gani, kisha uamue papo hapo ukiwa bado umechuchumaa.