Kuchimba tunajua, kupima je?

Kila msimu wa bajeti tunasikia habari za visima. Vimechimbwa vingapi, vina urefu gani, vinatoa lita ngapi kwa saa, nani kaja kuzindua. Sipingi visima hata kidogo, naishi Dodoma na hapa bila visima hamna mji. Ila kuna swali ambalo sioni likipewa nafasi, si kwenye mikutano ya hadhara wala kwenye magrupu ya wasapu ambako kila mtu ni mtaalamu wa maji siku bomba likikauka: hayo maji yaliyoko chini leo yamesimama mita ngapi kutoka juu, ukilinganisha na mwaka jana, na mwaka juzi, na miaka 20 iliyopita? Nani anapima, na akishaandika nani anasoma?

Nauliza hivi kwa sababu hapa hapa kwetu kuna kitu ambacho dunia nzima ya wanasayansi wa maji inakijua na sisi wengi hatukijui. Kule Makutupora, kwenye visima vya Mzakwe ambavyo vimeubeba huu mji miaka yote, kina cha maji ya chini ya ardhi kilipimwa na kuandikwa kwa zaidi ya nusu karne, 1955 mpaka 2010. Kwenye nchi za joto rekodi ndefu namna hiyo ni adimu mno. Na haikutokana na mashine ya ajabu, kazi yenyewe ni mtu kwenda kisimani, kushusha utepe wa kupimia mpaka uguse maji, kusoma namba, kuandika kwenye daftari na tarehe, kuondoka. Mwezi unaofuata tena. Serikali ya mkoloni ikaondoka, uhuru ukaja, Azimio la Arusha, vita ya Kagera, vyama vingi, na muda wote huo kuna watu walikuwa wanaandika namba za kina cha maji Makutupora. Mimi hao watu nawaheshimu sana, na hakuna hata mtaa ulioitwa kwa majina yao.

Mwaka 2013 zile namba zikatoka kwenye jarida la Nature Climate Change, kazi ya Richard Taylor wa University College London na wenzake, wakiwemo Watanzania kama Lister Kongola. Walichokikuta kilibadilisha namna watu wanavyoelewa maji ya chini kwenye nchi kavu. Wengi tulikuwa tunadhani mvua ikinyesha kidogo ardhi inapata kidogo, ikinyesha nyingi inapata nyingi, yaani vinaenda sambamba. Kumbe haiendi hivyo kabisa. Miaka mingi ya kawaida maji ya chini hayaongezeki, yanashuka tu, taratibu, mwaka baada ya mwaka, hata kama wakulima wamevuna uwele na mtama vizuri tu. Halafu unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, na ndani ya miezi michache kina kinapanda ghafla na kufidia kushuka kwa miaka mingi. Misimu michache mikubwa ndiyo iliyoleta sehemu kubwa ya maji yote yaliyoingia ardhini kwa miaka 55.

Sababu yake ukiielewa hutaisahau. Dodoma tunapata mvua kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, zote kwenye kifuku kimoja kati ya Novemba au Desemba na Aprili, na jua letu mnalijua. Mvua ya kawaida inalowesha udongo wa juu, mimea inakunywa, jua linakausha, basi imeisha, chini haijafika hata tone. Ili maji yapite hapo lazima udongo ushibe kwanza na mvua iendelee kuja, na iwe ya nguvu kiasi kwamba makorongo yanatiririka. Hayo makorongo ndiyo siri kubwa. Utafiti wa miaka ya karibuni hapo hapo bondeni umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya maji yanaingia kupitia vijito vya msimu, vile vya Kinyasungwe Ndogo, vyenye mchanga mweupe ambao kiangazi watoto wanachezea na ng'ombe wanapita. Mto ukishuka siku zile chache, mchanga unayapitisha maji kwenda chini mpaka kwenye mwamba uliooza na kupasuka.

Na hapa ndipo jiolojia inapoingia, sehemu ambayo naipenda kuliko zote. Chini ya Ugogo kuna mwamba wa granaiti na jamaa zake, mikongwe ajabu, umri unapita miaka bilioni 2.5. Granaiti mzima haishiki maji, ukichimba hapo unapoteza hela zako. Ila kwa mamilioni ya miaka mwamba umeoza kutoka juu kwenda chini, na pale ulipokatwa na mipasuko ya ardhi umeoza zaidi na kwenda kina kirefu, na bonde la Makutupora limekaa kwenye mipasuko ya namna hiyo. Ndiyo maana Mzakwe kuna maji na kilomita chache pembeni mtu anachimba anakuta vumbi. Watafiti kutoka Uingereza na wa Chuo Kikuu cha Sokoine walipitisha umeme ardhini, wakasoma jinsi unavyopita, wakapata picha ya tabaka bila kuchimba shimo: udongo mweusi wa mbuga unaopasuka nyufa kiangazi, mchanga mnene chini ya vijito, mwamba uliooza, halafu mwamba mzima. Kwa hiyo ukiuliza maji ya Dodoma yanatoka wapi, jibu lina vipande vitatu: mvua kubwa za nadra, mchanga wa makorongo, na mwamba uliopasuka. Ukiharibu kimojawapo umeharibu vyote.

Sasa fikiria mtafiti aliyekuja na mradi wa miaka mitatu, kama ilivyo miradi mingi ya wafadhili. Akija kwenye miaka ya kushuka ataandika ripoti kwamba bonde linakufa, acheni kuvuta maji mara moja. Akija 1998, baada ya ile El Niño, ataandika kwamba maji yapo tele, chimbeni. Wote wawili wamepima sawasawa na wote wamepotosha nchi, kwa sababu kinachoendelea Makutupora hakionekani kwa miaka mitatu, kinahitaji miongo. Watu wengi wanaona kupima ni kazi ya makaratasi na kuchimba ndiyo maendeleo, mimi naona bila yale madaftari tusingejua hata tunachimba nini.

El Niño ya 1997/98 watu wazima tunaikumbuka kwa mabaya. Madaraja yalisombwa, barabara zikakatika, Kenya na Tanzania homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo. Siwezi kuisifia mvua iliyoua watu. Lakini mvua hiyo hiyo ndiyo iliyojaza Makutupora kuliko msimu wowote kwenye rekodi, na maji yake yakanywewa mjini kwa miaka iliyofuata. Na 2015/16 El Niño nyingine ikajaza tena bonde letu wakati kusini mwa Afrika, bonde la Limpopo, ilileta ukame na maji ya chini yakashuka. Yaani tukio moja la joto la bahari, matokeo mawili tofauti sana kwa ardhi mbili. Huwezi kukopi sera ya maji ya nchi nyingine ukaileta hapa kama ilivyo.

Kuna wanaosema siku hizi kuna setelaiti, ya nini kutembea na utepe. Setelaiti za GRACE zilizorushwa 2002, na za GRACE-FO zilizozirithi 2018, kweli zinapima mabadiliko ya mvutano wa dunia na kutokana na hapo wanakadiria maji yameongezeka au yamepungua, ni kazi nzuri sana ya sayansi. Ila jicho lao linaona eneo la mamia ya kilomita kwa mara moja, Makutupora kwao ni nukta isiyoonekana, haziwezi kukwambia kisima cha Mzakwe kimeshuka mita mbili. Kitu cha kukwambia hivyo ni mtu na utepe, au kifaa cha kurekodi kilichoning'inizwa ndani ya kisima ambacho bado kinahitaji mtu wa kubadilisha betri na kutoa data.

Na tusijidanganye kwamba teknolojia ya angani inatosha kutangaza neema. Majirani zetu Kenya mnakumbuka Septemba 2013, habari ikazunguka dunia nzima kwamba Turkana kumegunduliwa ziwa la chini ya ardhi, bonde la Lotikipi, mita za ujazo kama bilioni 200. Watu wa Turkana wanaotembea na mitungi kilomita kwa kilomita wakaambiwa ukame umekwisha. Baadaye kisima cha majaribio kikaonyesha maji ya Lotikipi yana chumvi kupita kiasi cha kunywa. Wale waliofanya kazi ya setelaiti na rada hawakuwa wajinga, walionyesha maji yanaweza kuwa wapi, na maji ya karibu na Lodwar ni mazuri na yanatumika. Kosa lilikuwa kutangaza kabla ya kuonja na kupima kwa muda. Anayelipa bei ya tangazo la haraka ni mama wa Turkana aliyeahidiwa, na hilo linaniuma.

Kingine kinachoniuma zaidi. Mwaka 2019 kundi la wanasayansi walikusanya rekodi ndefu za maji ya chini ya ardhi Afrika kusini mwa Sahara kwa utafiti uliotoka kwenye Nature. Wakapata 14, kutoka nchi 9, kwa eneo lote hilo. Na Makutupora ikiwa mojawapo ya zile zinazotegemewa zaidi. Wakati huo huo tunajua chini ya bara hili kuna maji mengi mno, makadirio ya 2012 yalitaja kilomita za ujazo 660,000, zaidi ya mara mia ya maji baridi yanayojirudia kila mwaka. Tunakalia hazina ya namna hii na kuichota kama unga kwenye pipa gizani.

Turudi Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika 1973, ila mji ulibaki mdogo miaka mingi mpaka serikali ilipohamia kweli kuanzia 2016. Sensa ya 2012 jiji lilikuwa na watu laki nne na kidogo, sensa ya 2022 ikahesabu 765,179. Karibu mara mbili kwa miaka kumi! Visima vipya vimechimbwa Nzuguni na kwingine, kuna mipango ya bwawa la Farkwa na ya kuleta maji ya Ziwa Victoria, yote nayaunga mkono. Lakini mpaka hayo yakamilike mzigo uko kwa mwamba ule ule, na jinsi mji unavyokua watu wanajenga karibu na makorongo, na mchanga wa mito unachotwa na malori kwa ajili ya matofali na zege. Kila lori la mchanga linaloondoka kwenye vijito vinavyolisha bonde linachukua sehemu ya mlango wa maji. Vijana wanaochimba mchanga wanatafuta riziki, siwalaumu, lakini halmashauri ingekuwa na ramani ya makorongo yanayoingiza maji ingewaonyesha wachimbe wapi na wasiguse wapi. Ramani hiyo inawezekana kwa sababu utafiti upo tayari.

Wanasayansi wanatukumbusha pia kwamba hewa ikipata joto inabeba mvuke zaidi, kama asilimia 7 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo mvua zinazokuja kwa nguvu zitazidi kuwa na nguvu. Kwa barabara na nyumba ni hatari. Kwa maji ya chini inaweza kuwa ahueni, hasa tukijipanga kuyapunguza mwendo maji ya mafuriko yakae mchangani muda mrefu badala ya kukimbilia Wami mpaka baharini kule Saadani. Ila hatutajua kama vikinga maji vyetu vinafanya kazi kama hatupimi kabla na baada.

Ninachotaka ni kitu kidogo na cha kuchosha. Kila eneo la visima vya mji liwe na visima vya uangalizi, visivyovutwa maji, vipimwe kila mwezi na fundi anayelipwa na bajeti ya serikali sio ya mradi wa mfadhili, manake mradi ukiisha na kipimo kinaisha. Namba zitangazwe, kama Mamlaka ya Hali ya Hewa inavyotangaza mvua, tufungue simu tuone kina cha Mzakwe mwezi huu. Bodi za mabonde tisa za nchi hii zipewe watu na mafuta ya gari ya kufanya hiyo kazi. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inataka kibali kwa kisima, basi kila mchimbaji, hata wa kisima cha nyumbani, arudishe taarifa ya tabaka alizopitia na kina alichokuta maji, na hizo taarifa zifunguliwe kwa wanafunzi wa UDOM na SUA wazitumie. Na yale madaftari ya zamani yaliyoko kwenye makabati ya ofisi za maji mikoani, kabla mchwa hawajayamaliza, yapigwe picha ukurasa kwa ukurasa. Inawezekana kuna Makutupora nyingine humo, Singida au Shinyanga au Tabora, na hakuna aliyefungua kuangalia.

Bajeti ijayo ikisomwa, mbunge wako akitaja idadi ya visima, muulize vya uangalizi ni vingapi.