Uamsho haukuwahi kukaa kimya

Mkristo akifungua mdomo kusema juu ya ardhi iliyoporwa, vibarua wasiolipwa au polisi wanaoua, hakosi mwenzake wa kanisani wa kumwambia: "Wewe hubiri Injili, siasa waachie wanasiasa." Mara nyingi anayesema hivyo ni mtu mwema, mwombaji, mtu wa kukesha na kufunga. Namheshimu. Lakini uamsho anaouombea usiku kucha, ukiusoma historia yake, haukubaliani naye.

Chukua John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti. Wanaotamani kanisa lifufuke humtaja mapema kabisa: mahubiri ya viwanjani, watu wakilia kwa toba, vikundi vidogo vya kuombeana na kuulizana hali ya roho. Wesley huyo huyo mwaka 1774 alichapisha kijitabu cha kuulaani utumwa, wakati matajiri wa Uingereza wakineemeka nao. Tarehe 24 Februari 1791, akiwa mzee wa miaka 87, siku sita kabla ya kufa, alimwandikia barua mbunge William Wilberforce kumsihi asichoke kuupiga vita. Na alichomweleza kuwa kimemchoma moyo asubuhi ile kilikuwa kifungu cha sheria. Alikuwa amesoma maandishi ya Mwafrika mmoja, akakuta kwamba katika makoloni mtu mweusi akidhulumiwa na mzungu hana pa kwenda, kwa kuwa kiapo chake dhidi ya mzungu hakihesabiwi mahakamani. Mhubiri wa wokovu amebakiza siku sita tu za kuishi, na kinachomkosesha raha ni kanuni ya ushahidi! Kama hiyo ni siasa, basi Wesley alikufa mwanasiasa.

Au tuje huku kwetu. Uamsho wa Afrika Mashariki uliwaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaingia Uganda, Kenya na Tanganyika. Wazee wetu wanaujua: kuungama dhambi mbele ya ndugu, kurudisha ulichoiba, kutembea nuruni. Janani Luwum aliokoka katika uamsho huo mwaka 1948, akaja kuwa askofu mkuu wa Kianglikana. Februari 1977 askari waliingia nyumbani kwake usiku wa manane, wakapekua wakidai wanatafuta silaha. Yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na watu kuchukuliwa bila kurudi. Tarehe 16 mwezi huo aliuawa. Serikali ikatangaza ajali ya gari.

Mimi sioni Luwum wawili hapo, mmoja wa kiroho na mwingine wa siasa. Mtu aliyefundishwa kwa miaka karibu thelathini kutoficha dhambi yake mwenyewe angewezaje kuificha ya rais?

Basi mgawanyiko huu tumeutoa wapi? Sehemu kubwa, naamini, umetokana na kupenda utulivu. Aprili 1963, huko Birmingham, Marekani, viongozi wanane wa dini, wote wazungu, walitoa tamko hadharani wakisema maandamano ya Weusi hayakuwa ya busara na hayakuja kwa wakati wake. Martin Luther King, aliyeyaongoza maandamano hayo, aliwajibu kwa barua akiwa gerezani. Wanane hao hawakuwa watu wakatili. Miezi michache kabla walikuwa wamewasihi wazungu wenzao wazitii amri za mahakama zilizopinga ubaguzi. Walichotaka ni amani mjini, na waumini wao wasigawanyike. Ndiyo maana wananitisha kuliko wabaguzi wenyewe, maana hoja zao nazisikia makanisani hadi leo, kwa upole ule ule: subirini, ombeni, msiwaudhi wakubwa. Anayeombwa kusubiri huwa ni yule yule aliyeonewa.

Nina neno pia kwa sisi tunaojiita Wakristo wa haki. Tumezoea kuandika matamko yanayosomeka kama ripoti ya semina, kisha tunashangaa mama wa kwaya hayaelewi. Tumewaachia wengine sala, toba na Biblia, tukabaki na msamiati wa wafadhili. Maaskofu Wakatoliki wa Malawi hawakufanya hivyo. Waraka wao wa kichungaji ulisomwa makanisani Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, tarehe 8 Machi 1992, katikati ya Misa, nchi ikiwa chini ya Kamuzu Banda na chama kimoja. Ulitaja shule, hospitali, pengo kati ya matajiri na maskini, na hofu ya watu kusema ukweli. Maaskofu wakahojiwa na polisi. Juni 1993 wananchi wakapiga kura ya maoni na kuuchagua mfumo wa vyama vingi. Waraka ule haukufanya kazi hiyo peke yake, lakini waumini waliusikia wakiwa wamekuja kuabudu, kutoka kwa wachungaji wao, katika majira ya toba. Ulisikika kama Neno, na kwangu ulikuwa Neno.

Lakini nani atatusikia kama nyumba yetu imeoza? Mtume Yakobo anasema ujira wa wavunaji uliozuiliwa unapiga kelele, na vilio vyao vimemfikia Bwana. Kuna mlinzi anayelala nje ya jengo la ibada la fahari, na mshahara wake wa miezi umegeuzwa kuwa "sadaka ya utumishi." Kuna binti aliyeumizwa na kiongozi, akaambiwa asamehe ili jina la kanisa lisichafuke. Hilo la binti halihitaji kamati ya usuluhishi. Lipelekwe polisi, na kiongozi asimame pembeni siku hiyo hiyo.

La mlinzi tunaweza kulianza kwenye mkutano mkuu ujao wa kila usharika. Kabla ya taarifa ya ujenzi, isomwe orodha ya wafanyakazi wote na malipo yao, kuanzia anayepata kidogo zaidi, pamoja na miezi ambayo hajalipwa. Yeye mwenyewe awepo ukumbini, aulizwe mbele ya wote kama ndivyo ilivyo, na apewe muda wa kujibu.