Ovaroli ya kustahimili moto: inakinga kiasi gani, na kwa gharama gani?

Mvuke wa petroli au gesi iliyovuja ikilipuka, moto wenyewe huja na kupita kwa sekunde chache. Mara nyingi kinachomuumiza zaidi mfanyakazi ni kile alichovaa. Shati la kawaida la pamba likishashika huendelea kuwaka mwilini wakati mlipuko umeshaisha. Poliesta huyeyuka ikifika takriban nyuzijoto 260, ikanata kwenye ngozi. Hoja ya vitambaa vinavyostahimili moto inaanzia hapo: havimpi mtu ruhusa ya kutembea ndani ya moto, ila nguo yake haigeuki kuni.

Vinapatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni nyuzi zenye tabia hiyo tangu zinapotengenezwa, kama Nomex, aina ya aramidi (nyuzi za kiwandani zinazostahimili joto kali) ambayo kampuni ya DuPont ya Marekani iliingiza sokoni miaka ya 1960. Haiyeyuki wala haidondoshi matone. Ikipata joto kali hugeuka mkaa na kuvimba, na unene huo huchelewesha joto kufika mwilini. Ya pili ni pamba iliyotiwa dawa zenye fosforasi. Pamba tupu ikipata joto hutoa gesi zinazowaka. Iliyotiwa dawa hutoa maji zaidi na kubaki mkaa, hivyo mwali hukosa cha kuchoma. Zote mbili huungua zikiwa ndani ya moto, lakini chanzo kikiondoka huzima zenyewe.

Wenye shaka wana silaha yao nzuri, nayo ni kipimo chenyewe. Katika kiwango cha Marekani cha NFPA 2112, kinachotumika sana kwenye mafuta na gesi, sanamu yenye vihisi huvikwa ovaroli na kupigwa moto kwa sekunde 3. Nguo hufaulu iwapo eneo la mwili linalotabiriwa kuungua halizidi asilimia 50. Nusu ya mwili! Ukimwambia hivyo fundi aliyeambiwa dukani kwamba ovaroli "haishiki moto", atadai arudishiwe hela, na sitamlaumu. Hata hivyo, hoja hiyo ikiishia hapo inapotosha. Asilimia 50 ni mpaka wa kufeli, na nguo nyingi hufanya vizuri zaidi ya hapo. Tena aliyeungua hupungukiwa na nafasi ya kupona kadiri eneo lililoungua linavyoongezeka, kwa hiyo kila sehemu ya ngozi iliyookolewa ina maana. Wa kulinganishwa naye ni mwenzake aliyevaa ovaroli ya kawaida, ambayo bado inawaka.

Lawama ya joto ni nzito zaidi, hasa kwetu. Ovaroli ya mikono mirefu iliyofungwa hadi shingoni, mchana wa Mombasa au Dar es Salaam, ni mateso. Moto wa ghafla huenda usitokee maisha yote ya mtu kazini, lakini jasho na kizunguzungu vipo kila siku. Basi anafungua vifungo, anakunja mikono, anafunga sehemu ya juu kiunoni, na kinga imekwisha. Msimamizi anayejibu hilo kwa faini hajaelewa tatizo. Kitambaa chepesi, maji ya kunywa, mapumziko kivulini na kuhamishia kazi ngumu asubuhi vingesaidia zaidi. Na kabla ya nguo, ziba gesi inayovuja na ukate umeme.

Kuna pia wanaohofia kemikali, na historia inawapa sababu. Mwaka 1977 Marekani ilipiga marufuku Tris, dawa ya kuzuia moto iliyotiwa kwenye nguo za kulalia za watoto, baada ya watafiti kuonya kwamba inaweza kusababisha saratani. Dawa za fosforasi za pamba ya kazini ni za aina nyingine, na katika teknolojia bora hufungwa ndani ya nyuzi. Ila kuuliza kitambaa kimetiwa nini ni haki ya anayekivaa kutwa.

Bei ndiyo huamua mengi. Aramidi ni ghali kuliko pamba yenye dawa, na pamba hiyo ni ghali kuliko ovaroli ya kawaida. Kwa anayejaza matangi ya mafuta au kushika mitambo ya gesi, sioni pa kubania pesa. Fundi wa kuchomelea mtaani hali yake ni nyingine: pamba nzito, aproni ya ngozi na suruali isiyopinduliwa chini ikakusanya cheche vitamfaa kuliko kutokuwa na chochote. Asichopaswa kuvaa ni jezi ya poliesta ya mpira wa miguu, hata ndani ya ovaroli nzuri, maana joto linalopenya laweza kuiyeyushia ngozini.

Sheria za usalama kazini za Tanzania (2003) na Kenya (2007) zinamdai mwajiri atoe vifaa vya kinga. Wengi hugawa ovaroli, wakachukua saini, wakamaliza. Kisha mfanyakazi anaipeleka nyumbani, inalowekwa kwenye jiki pamoja na mashati ya shule, na klorini inaanza kuharibu dawa iliyolipiwa. Ikirudi na madoa ya grisi ambayo hayakutoka, grisi hiyo itawaka hata kama kitambaa hakitawaka. Mwajiri anayenunua ovaroli hizi bila kugharamia ufuaji wake amenunua nusu ya kinga.