Mchoraji wa rangi za mafuta asijifungie ndani

Maonyesho mengi ya uchoraji hapa Dar es Salaam yana sura moja. Picha zimetundikwa, mgeni rasmi amechelewa, hotuba zimekula saa nzima, watu wamepiga picha kwa simu na kwenda zao. Siku ya tatu ukumbini wamebaki mlinzi na mchoraji. Halafu tunalalamika kwamba watu wetu hawanunui sanaa. Wanunue vipi? Mtu anasimama mbele ya picha ya sm 60 kwa 80 iliyoandikwa laki nane, na hakuna aliyewahi kumwonyesha kazi iliyomo ndani ya hiyo laki nane.

Wenzetu wa Tingatinga walilimaliza suala hili zamani. Edward Saidi Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kung'aa za dukani juu ya hadibodi, akiuza kule Oysterbay karibu na Morogoro Stores. Alifariki mwaka 1972, lakini ukifika pale hadi leo unawakuta wachoraji wamekaa na kazi mikononi, mteja anachungulia begani. Anaona mandhari yanavyotangulia, kisha mnyama, kisha madoa. Bei anaielewa kabla hajaiuliza.

Mchoraji wa rangi za mafuta za tyubu atajitetea kwamba kazi yake haiendi haraka namna hiyo. Ni kweli. Mafuta ya kitani yaliyochanganywa ndani ya rangi hiyo hayakauki kwa kupotea hewani kama maji. Yanavuta oksijeni na kugeuka kuwa utando mgumu. Tabaka jembamba la rangi ya udongo kama amba linaweza kushikika baada ya siku moja au mbili, ila nyeupe na nyeusi huchukua wiki na zaidi, na unyevu wa pwani yetu hausaidii. Kwa hiyo anayejaribu kumaliza picha mbele ya watu kwa saa moja ataishia na tope, au atadanganya. Wanaochora jukwaani kwa dakika kumi huku muziki unapigwa wanafurahisha ukumbi, sawa, ila kuhusu uchoraji hawafundishi kitu.

Dawa ni kufanya onyesho la kuchora mbele ya watu kwa kuandaa vibao vitatu vya hadibodi, sm 30 kwa 40, vyote vya kitu kimoja. Tuseme dele la kahawa na machungwa matatu. Kibao cha kwanza kina mchoro na tabaka jepesi la siena ya kuchomwa, yaani rangi ya udongo ya kahawia-nyekundu. Cha pili, kilichoanza wiki mbili kabla, kina sehemu za giza na za mwanga zilizokwisha kugawanywa na kukauka. Cha tatu kimebakiza umaliziaji tu. Mchoraji anahama kutoka kimoja hadi kingine, na watu wanaona kazi ya wiki tatu ndani ya dakika tisini. Arobaini na tano azitumie kuchora, zinazobaki awape watu brashi.

Rangi nne zinatosha: nyeupe ya titaniamu, oka ya njano (rangi ya udongo wa njano), siena ya kuchomwa na bluu ya ultramarini. Nyeupe iwe mara nne ya nyingine, maana ndiyo inayoisha. Ubao wa kuchanganyia usimamishwe wima kando ya picha, usishikwe mkononi, kwa sababu watu wanakuja kuona uchanganyaji kuliko kitu kingine. Kivuli cha dele, kwa mfano, wengi wanadhani ni nyeusi. Chukua oka na siena kwa nusu kwa nusu, ongeza bluu kwa ncha ya kisu, na kile kivuli cha shaba kinajitokeza mbele ya macho yao. Ule mng'ao shingoni mwa dele nao si nyeupe tupu. Ni nyeupe yenye oka kidogo, inawekwa mara moja na kuachwa. Ukiipitia tena kwa brashi inavuta rangi ya chini na mng'ao unakufa. Hapo ndipo watu huguna, na hapo ndipo bei inapojieleza.

Watazamaji wasizidi kumi na watano. Wakizidi, wa nyuma wanaona mashati. Anayetumia mkono wa kulia asimame kushoto mwa picha ili mwili usizibe, na mwanga utoke kushoto kwake ili kivuli cha mkono kisiangukie kazi.

Jambo moja lisemwe wazi siku hiyo, hata kama linachosha: tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini. Ukianza na rangi nzito yenye mafuta tele na kumalizia na nyembamba, ya juu itakauka kwanza, ya chini itaendelea kujongea, na picha itapasuka ikiwa tayari sebuleni kwa mteja. Ubaya mwingine ni kupaka rangi ya maji ya ukutani kama msingi kwa sababu ni rahisi. Inanyonya mafuta, rangi inafifia na kuwa kama chaki, mwisho inabanduka. Na ukipaka mafuta moja kwa moja kwenye kitambaa cha pamba kisicho na msingi, kitambaa kinaoza. Paka jeso, ile rangi nyeupe ya msingi, mara tatu, kila tabaka likauke, kisha pitisha msasa laini.

Kuhusu usalama sina utani. Vitambaa vilivyofuta mafuta ya kitani vikirundikwa pamoja hupata joto vyenyewe na kuwaka moto, hata bila kiberiti. Vitie kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko, au vianike nje kimoja kimoja. Tapentaini ya kulainishia rangi isifunguliwe kabisa kwenye chumba chenye watoto. Brashi isuuzwe kwa mafuta ya kupikia, kisha ioshwe kwa sabuni ya kipande hadi povu litoke jeupe. Mafuta ya kupikia yakibaki ndani, rangi ya kesho itagoma kukauka.

Shuleni, basi, usipeleke mafuta. Peleka mkaa, na waoneshe wanafunzi jinsi ya kuutengeneza. Vijiti vikavu vya mti laini, unene wa penseli, vinajazwa kwenye kopo la bati, mfuniko unatobolewa tundu moja dogo, kopo linakaa juu ya jiko. Moshi ukikoma kutoka, epua, usifungue hadi lipoe, vinginevyo vijiti vinageuka majivu. Darasa zima linapata vifaa bila gharama. Wakishachora, waambie kuhusu Sam Ntiro wa Machame, aliyechora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Picha hiyo ya mafuta ya mwaka 1956 iko kwenye jumba la sanaa la MoMA, New York. Mtoto akijua kwamba maisha ya kijijini yamefika huko, haoni tena sababu ya kuiga milima yenye theluji kutoka kwenye kalenda.

Utundikaji hauna mengi. Kitovu cha kila picha kiwe sm 145 hadi 150 kutoka sakafuni, taa imulike kwa mshazari wa nyuzi 30 ili isirudishe mng'ao. Kwenye nyumba za mawe za Zanzibar usipige misumari, lipu ya chokaa inamomonyoka; tundika kwa nyaya kutoka kwenye fito ya juu.

Vibao vitatu vya onyesho navyo viuzwe, tena kwa pamoja kama seti, ila visitoke siku hiyo. Andika tarehe nyuma, pokea malipo ya awali, mkabidhi mteja rangi ikishashika. Vanishi ya mwisho isubiri miezi sita hadi kumi na miwili, na mteja aalikwe kuja nayo karakana kupakwa bure. Akija atakuta kazi nyingine ukutani.