Afisa ustawi wa jamii: shuleni, halmashauri au katani?

Mtoto wa darasa la sita anayekimbia vipindi kwenda kubeba samaki pwani ya Bagamoyo huandikwa mtoro, na daftari la mahudhurio linaishia hapo. Nani aende kwao kuuliza kulikoni? Kwa sasa wanategemewa wawili: mwalimu wa malezi na ushauri nasaha aliyepo shuleni, na afisa ustawi wa jamii aliyeko halmashauri.

Wanaomtetea mwalimu wana hoja. Anamjua mtoto, anamwona kila siku, wala hadai nauli. Hata ule waraka wa 2021 uliowarudisha shuleni wasichana waliokatishwa masomo na ujauzito unahitaji mtu wa kumpokea binti siku ya kwanza. Lakini mwalimu huyo ana vipindi vyake na madaftari ya kusahihisha, na viboko bado vinaruhusiwa kisheria. Mtoto atamwelezaje habari za baba wa kambo mtu aliyemchapa jana? Tena huenda baba huyo na mwalimu wanaswali msikiti mmoja. Bagamoyo ni mji mdogo.

Wengine wanataka kila shule iwe na afisa wake, kama Marekani, ambako kazi hii ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 katika miji ya New York, Boston na Hartford. Chama cha wanataaluma wa huko kinapendekeza mtu 1 kwa wanafunzi 250. Shule ya wanafunzi 1,000 ingehitaji maafisa wanne, nasi walimu wenyewe hawatoshi. Tusidanganyane.

Mimi naona afisa akae katani, azungukie shule kwa ratiba inayojulikana, apewe pikipiki na chumba chenye mlango unaofungwa. Mwalimu abaki na kazi ya kuona dalili na kutoa taarifa, jambo ambalo Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii alifanye.

Hatari ninayoiona ni moja: mashauri ya ndoa na matunzo ya watoto yatammaliza afisa huyo kabla hajafika shule ya kwanza. Basi asubuhi zake ziwe za shule, na iandikwe hivyo kwenye majukumu yake. Na fedha zikiwa chache, aanzie kata za Fukayosi na Makurunge, si Dunda ya mjini. Wa mjini anaweza kutembea kwa miguu hadi dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116, ya simu ya msaada kwa mtoto, ni ya bure kweli, ila simu yenyewe anayo baba.