Nyumba Yenye Nondo Zilizoliwa: Uliza Chumvi Imetoka Wapi

Mombasa, dari ikibabuka na nondo, vyuma vilivyofichwa ndani ya zege, zikachungulia nyekundu kwa kutu, hukumu huwa moja: usinunue, na kama umeshanunua, bomoa. Hofu hiyo ina msingi. Kutu hujaa mara mbili hadi sita ya ukubwa wa chuma ilichokila, kwa hiyo zege hupasuka kutoka ndani. Na mnunuzi hana wa kumshika mkono. Uingereza, nyumba za zege zilizojengwa baada ya Vita vya Pili zilipoonekana zina kasoro, sheria ya mwaka 1984 iliwapa msaada wale waliouziwa na serikali. Hapa kwetu ubomoe, ukarabati, ni mfuko wako.

Hata hivyo, naona watu wanahukumu ufa badala ya chumvi iliyouleta. Kama mafundi walikoroga zege kwa mchanga wa baharini usiooshwa, au kwa maji ya kisima cha chumvi, ugonjwa umo kila mahali tangu siku ya kwanza, hadi kwenye nguzo. Nyumba hiyo iache. Lakini ziko nyumba nyingi ambazo chumvi iliingia na upepo wa bahari, polepole, mahali ambapo nondo zilifunikwa kidogo mno. Karibu na bahari wahandisi hutaka milimita 40 hadi 50 za zege juu ya nondo.

Nilisimama na fundi chini ya baraza ya nyumba moja mtaani Tudor, hapa Mombasa, ambayo rafiki yangu alikuwa anaitaka. Alikwenda akigonga dari kwa nyundo: ngo, ngo, ngo, kisha ghafla sauti ya debe tupu, yaani zege limeachana ndani. Pale akachora duara kwa chaki. Mwisho tulihesabu maduara matatu, yote ukingoni, yanapopigwa na mvua, na zege juu ya nondo halikufika unene wa kidole.

Hatukuishia hapo. Mhandisi alitoboa matundu, akakusanya unga wa zege wa kila kina peke yake, ukapelekwa maabara. Chumvi ilikuwa nyingi juu, ikipungua kadiri ya kwenda ndani. Ingekuwa sawa kina chote, rafiki yangu angeondoka.

Kinachonisumbua zaidi ni lipu. Muuzaji huziba, hupaka rangi, na mnunuzi naye hurudia vilevile akiita ukarabati. Kiraka kipya hulinda kipande chake cha nondo, lakini nondo hiyohiyo imeendelea ndani ya zege la zamani lenye chumvi, na kutu huhamia pembeni mwa kiraka. Miaka michache baadaye ufa mpya unakizunguka kama pete. Dawa ni kuegemeza dari kwa magogo, kukata zege hadi nyuma ya nondo, kufuata chuma mpaka kisicho na kutu, kusugua king'ae, na kubadilisha kilichokondeana. Ni ghali, ila gharama hiyo inajulikana kabla ya kutia saini, na inakatwa kwenye bei.

Muuzaji wa Tudor alinuna, kisha akapunguza. Magogo yataingia masika yakipita.