Nani alimjibu Mwalimu?

Kila ikikaribia tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki mwaka 1999, redio humrudisha Mwalimu Julius Nyerere hewani. Mwaka jana nilikuwa kwenye daladala la Mbagala, asubuhi, tumebanana, dereva akaongeza sauti. Ilikuwa hotuba ya 1995, anapouliza: mtu anayetumia fedha kuingia Ikulu, fedha hizo kazipata wapi? Na kama kakopa, atazirudishaje? Konda, kijana ambaye Mwalimu alifariki yeye hajazaliwa, alikuwa anamalizia sentensi kabla ya redio.

Mzee mmoja akasema, "Hapa ndipo tulipokuwa na kiongozi." Binti aliyesimama pembeni yake akamuuliza kwa upole, "Samahani babu, enzi hizo nani aliruhusiwa kumjibu?"

Swali lile sijaliacha mpaka leo.

Nyerere alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mwanasiasa. Alifundisha shule ya Pugu baada ya kurudi kutoka masomoni Edinburgh, na mwaka 1955 akaacha kazi ili aitumikie TANU, chama kilichodai uhuru. Ualimu ule haukumtoka mdomoni. Hakupanda jukwaani kuonyesha usomi wake. Angechukua jambo zito, deni la taifa au ubaguzi, akalivunja vipande vidogo, akauliza swali, akanyamaza kidogo, akacheka kile kicheko chake chembamba, ndipo akajibu. Mkulima asiyejua kusoma aliondoka mkutanoni na hoja ya kwenda kuirudia nyumbani. Kwa nchi yenye makabila zaidi ya 120, kuongozwa kwa Kiswahili kinachoeleweka hivyo kulikuwa ni kujenga taifa kwenyewe. Novemba 1978, jeshi la Idi Amin wa Uganda lilipokuwa limeingia Kagera, alihitaji maneno matatu tu, uwezo, sababu na nia ya kumpiga, na watoto wa shule wakayajua kwa moyo.

Hayo siyapunguzi hata chembe. Lakini darasa lina mwalimu mmoja, na mwanafunzi haulizi mpaka aruhusiwe. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi ilipitishwa 1962. Chama kimoja kikawa sheria 1965. Redio ya taifa ilikuwa moja, ya serikali. Kwa hiyo lile swali la Mwalimu, hata liwe zuri kiasi gani, lilikuwa na mjibuji mmoja: yeye mwenyewe.

Gharama yake inaonekana wazi kwenye vijiji vya ujamaa, ambako watu walitakiwa kuishi na kulima pamoja. Mwaka 1968 Nyerere aliandika kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuingia katika vijiji hivyo. Waelezwe, washawishiwe, waamue wenyewe. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuhamia vijijini ni amri, na kufikia mwisho wa 1976 wote wawe wamehama. Kuna mahali nyumba zilichomwa moto ili wenyewe wasirudi. Aliyesema la kwanza na aliyesema la pili ni mtu mmoja, tena kwa ufasaha uleule. Laiti kungekuwa na gazeti huru au mbunge wa upinzani wa kumsomea maneno yake ya 1968, huenda familia nyingi zingebaki kwenye mashamba yao.

Watetezi wake watasema alijikosoa hadharani, na ni kweli. Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha lililotangaza siasa ya ujamaa na kujitegemea, alikiri kwamba nchi bado si ya kijamaa wala haijitegemei. Mwaka 1985 aling'atuka, neno alilolileta yeye kwenye Kiswahili kutoka Kizanaki. Viongozi wangapi wa kizazi chake walifanya hivyo? Lakini kujikosoa ni hiari ya mkosaji, na huja kwa wakati anaoutaka yeye. Aliyehamishwa 1974 hakuwa na uwezo wa kuusubiri.

Ndiyo maana kwangu mimi Nyerere mkubwa kuliko wote ni yule wa miaka ya 1990, asiye na jeshi wala cheo, aliyetetea vyama vingi wakati wengi walioulizwa na Tume ya Nyalali, iliyokusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama, walitaka chama kimoja kiendelee. Mwaka 1995 alizunguka nchi kumnadi Benjamin Mkapa, mgombea urais wa CCM. Watu walijaa viwanjani, wakamsikiliza, wakampigia makofi. Kisha zaidi ya robo ya waliopiga kura wakamchagua mgombea wa upinzani, Augustine Mrema.